Asubuhi Tisa Nilizopuliza kwa Jina Lako

Kilolo, jioni ya mwisho kabla hujaondoka

Kamwene, Lusungu mwanangu,

Wewe na mama yako mmekwenda kumuaga shangazi yako kule ng'ambo ya mto, na najua mkifika kwake hamtoki bila kula. Kwa hiyo nina muda. Begi lako liko hapa mlangoni limejaa lumbesa, zipu imesaidiwa na kamba. Habari za blanketi, za chakula, za marafiki wa kuchagua na wa kukimbia, mama yako ameshazisema, tena amezirudia. Sina la kuongeza hapo. Mimi nina jambo moja tu, ni la aibu, na aibu yenyewe ni yangu.

Nalisema mwanzoni kabisa ili usidhani nazunguka. Ile namba yako bora kwenye simu, mia nne na hamsini, ile unayoikimbiza kila asubuhi pale uani, si yako. Niliipuliza mimi.

Nimejaribu kukuambia kwa mdomo mara mbili. Mara ya kwanza tulikuwa bondeni tunavuna viazi. Nikaita, "Lusungu." Ukaitika, "Abee, Baba," ukanyanyua uso una matope hadi kwenye nyusi, nami nikaishia kukuomba maji ya kunywa. Mara ya pili ilikuwa siku barua yako ya chuo ilipofika. Ulikuwa na furaha mno, nikajiambia nisiiharibu. Huo ulikuwa uongo wa kujifariji. Nilikuwa naogopa tu.

Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Ulikuwa kidato cha tatu. Sista Odilia wa kliniki alitupa kile kipimo cha pumu yako, bomba la plastiki lenye mshale mdogo unaosogea ukipuliza, akaweka na ile programu kwenye simu yangu kwa sababu wewe hukuwa na simu. Alitufundisha wote wawili. Asubuhi kabla ya pampu, simama wima, vuta pumzi, puliza kwa nguvu, soma mshale umeishia wapi. Mara tatu, kisha andika iliyo kubwa. Baada ya hapo simu inauliza maswali yake: umekohoa usiku, umetumia pampu ya bluu, ile ya kufungua kifua, mara ngapi, mahali ulipo pana moshi au vumbi. Ukimaliza kujibu inakupa rangi. Kijani ni kuendelea na dawa kama kawaida, njano ni kujiangalia, nyekundu ni kuja haraka. Na Sista kule kliniki anaona yote bila sisi kupanda bodaboda kumfuata. Nilikipenda sana kitu kile. Nilijigamba kwa wazee wenzangu wa kanisa kwamba simu yangu siku hizi imesomea udaktari.

Tukagawana kazi, wewe unapuliza, mimi nasoma mshale na kuandika.

Mwaka huohuo kanisa letu la mtaa likaamua kubomoa lile jengo la mbao na kujenga la matofali. Unajua nani alisimama kwenye kikao akasema udongo wa kiwanja chake ni mzuri na maji yako karibu. Nilikuwa mimi, fundi wenu wa matofali, mzee wa kanisa, mtu wa kupenda kuonekana. Watu wakaja kiwanjani kwetu wiki nyingi. Akina mama walichota maji, vijana walikanyaga udongo, mimi nilifyatua na kupanga. Tanuru likasimama hatua thelathini kutoka dirisha la chumba chako, kubwa kuliko nyumba yetu, limekandikwa matope vizuri, na kuni za miti ya miwati zimepangwa pembeni. Mchungaji alipita akalipiga kofi kama anayempongeza ng'ombe. Sijawahi kujivuna kama siku ile.

Kifua chako kilikuwa kimeanza kubana tangu tulipopukuchua mahindi. Mshale ulikuwa unashuka kidogo kidogo. Siku moja simu ikaonyesha njano, kesho yake njano tena, na Sista akapiga.

"Baba Lusungu, habari za huko? Naona mtoto anashuka. Kuna moshi hapo nyumbani?"

"Moshi wa jikoni tu, Sista, wa kawaida."

"Angalia sana. Kama kuna mtu anachoma mkaa au matofali hapo karibu, mtoe mtoto. Mpeleke hata kwa ndugu, wiki mbili tu, mpaka moshi uishe."

Nikasema nimeelewa. Nilikuwa nimesimama mbele ya tanuru lenyewe, mkono mmoja nimeegemea matope yake.

Shangazi yako angekupokea siku hiyohiyo, na shule ungeenda kutokea kwake. Mara nyingi najiuliza kwa nini sikufanya jambo jepesi namna ile. Sababu ninayo, ila haitanisafisha. Kukupeleka kwa shangazi ilikuwa ni kutangaza. Watu wangeuliza Lusungu yuko wapi, ningesema kifua, na wao wangesema basi tanuru tulihamishe, au mbaya zaidi, wangesema, kumbe kifua cha bibi yake bado kimo mle ndani.

Bibi yako, mama yangu, hukumkuta. Alikuwa anabanwa kama wewe, sasa najua ilikuwa pumu, lakini wakati ule watu walidhani ni kifua kikuu. Unajua ulanzi, pombe yetu ya mianzi, unavyonyweka huku kwetu, kikombe kimoja kinazunguka toka mkono huu kwenda ule. Kikimfikia mama yangu kilimruka. Alikuwa na kikombe chake cha bati, kimefungwa uzi mwekundu kwenye kishikio ili kisichanganyike, na aliyetumwa kukibeba kwenda nacho misibani na harusini nilikuwa mimi. Nilikificha ndani ya shati. Siku moja wenzangu walikiona, nikawaambia ni cha mbwa. Mama alikuwa nyuma yangu na alisikia. Alinyoosha mkono tu nimpe kikombe chake.

Nilikua nikiapa kwamba nyumba yangu haitatajwa kwa habari ya kifua. Ndiyo maana nilitaka kijani, Lusungu. Sikuwa naitaka kwa ajili yako.

Asubuhi baada ya Sista kupiga, ulipuliza, nikasoma mia mbili na sitini, nawe ukachukua madaftari ukaondoka. Nikabaki na simu mkononi. Ningeweza kuandika namba yoyote, nani angejua. Lakini mimi ni mzee wa kanisa, nisingeweza kuandika namba ambayo sijaiona. Hapo ndipo utaujua ujinga wa baba yako. Nilifuta kipimo kwa shati, nikasimama wima kama tulivyofundishwa, nikapuliza mwenyewe. Mara ya kwanza mshale ulikwenda mbali sana, ilikuwa pumzi ya mwanaume anayebeba udongo. Nikarudia taratibu, nikarudia tena, mpaka ukaishia mahali ambapo msichana anaweza kufika. Nikaandika nilichokiona. Nikajiambia sijadanganya, mshale umesoma hapo kweli. Kwenye swali la moshi nikajibu hapana, kwa sababu tanuru lilikuwa bado halijawashwa.

Nilifanya hivyo asubuhi tisa. Kuna siku niliingia jikoni baadaye nikakuta mama yako anasonga ugali, akaniuliza, "Hiyo simu inasemaje? Mbona mimi namsikia anakoroma kifuani?" Nikamwonyesha. Hajui sana kusoma vile vitu vidogo, lakini kijani anakijua. Akashusha pumzi, akasema, "Haya, Mungu asaidie." Mama yako nilimdanganya kwa rangi.

Siku ya saba Sista Odilia alipiga tena, safari hii anacheka. Akasema dawa imekukubali, hongera, na kwamba namba kubwa aliyoiona, mia nne na hamsini, ameiweka kuwa pumzi yako bora, ile ambayo programu inapimia siku zako zote. Ulipotoka shule nikakuambia, "Sista anakupongeza." Ukashangaa, ukagusa kifua, ukasema, "Kweli? Mbona sijisikii hivyo?" Nikakujibu kwamba mashine haina upendeleo.

Siku ya nane tukawasha tanuru. Mambo ya moshi ule unayajua, huna haja ya kusimuliwa. Mama yako alifunga khanga madirishani. Hata asubuhi iliyofuata, moshi ukiwa umelala uani kote, nilijificha nyuma ya zizi nikapuliza, na kwenye swali la moshi nikajibu hapana tena. Hiyo ndiyo ya tisa. Mchana wa siku hiyo ukaanguka pale kwenye kizingiti ukirudi kutoka shule, midomo imebadilika rangi, na mimi nilikuwa juu ya tanuru nikiziba ufa ili moto usipotee. Walioniita ni akina mama waliokuja kutuletea uji.

Hospitalini nataka nikupeleke polepole, kwa sababu huko ndiko nilikokosea kuliko kote. Walikuweka kwenye hewa, wakakupa dawa, ukatulia. Daktari kijana akaomba simu. Aliangalia, akateremsha kwa kidole, akasema, "Huyu alikuwa vizuri. Siku tisa kijani tupu. Sasa hii imetoka wapi?" Akakugeukia. "Una mtihani karibuni?" Ukatikisa kichwa kukubali. Akasema kwa upole kwamba wakati mwingine hata hofu hubana kifua. Hakuwa na kosa, alisoma kilichoandikwa.

Wewe ukanitazama. Nadhani ulikuwa unangoja niseme habari ya tanuru. Nguo zangu zilikuwa zinanuka moshi kitanda kizima. Nikatazama ule mpira wa hewa. Ukasema kwa sauti ndogo, "Labda naogopa tu, Baba."

Nikasema, "Labda."

Nimefanya makosa mengi maishani, mengine mama yako anayo orodha yake. Lakini nikiambiwa nifute neno moja nililowahi kulitamka, nitafuta hilo. Ulikuwa na haki ya kuamini kifua chako, nami nilikuambia ni woga. Tangu siku ile sikukusikia tena ukilalamika. Ulikuwa ukibanwa unakaa kimya, unajaribu kwanza kuona kama ni kweli au ni hofu, na pampu ya bluu unaichukua ukiwa umechelewa. Mimi nilikuwa nakuona.

Tulipotoka hospitali niliacha kupuliza. Niliona nimetubu. Ukaendelea kupuliza wewe, na mimi nikaandika namba zako za kweli, mia tatu, mia tatu na ishirini, siku nzuri kabisa mia tatu na arobaini. Lakini simu ilikuwa inazipima kwa pumzi yangu. Ikasema njano. Njano wiki hadi wiki, mwezi hadi mwezi. Sista Odilia akahangaika, akauliza kama unatumia pampu ya kahawia, ile ya kila siku, sawasawa, akakuonyesha upya, mwisho akakuongezea dawa. Na ile dawa ilipozidi, sauti yako ikakwaruza. Alikuambia usukutue mdomo, ukasukutua, bado ikakwaruza. Ukarudisha sare ya kwaya. Ulimwambia mwalimu wa kwaya kwamba pumzi zako zimeisha. Ulikuwa na miaka kumi na sita.

Siku ya kuzindua kanisa ulikaa benchi la nyuma na mama yako. Kwaya iliimba bila wewe, ndani ya kuta za matofali yangu. Mchungaji alinitaja jina, watu wakapiga makofi. Nilitamani paa linifunike.

Kila asubuhi tangu hapo nimekuwa zizini nakusikia. Unapuliza mara tatu, halafu ya nne, halafu ya tano, mpaka unashika ukuta kwa kizunguzungu. Kuna siku ulinifuata na kipimo mkononi ukauliza, "Baba, mbona mimi siipati ile ya zamani? Nilikuwa nafanyaje?" Nilikuwa nakamua. Nikasema puliza polepole, utaipata. Nilikuambia hivyo nikijua kabisa nilichokifanya.

Ulipopata simu yako mwenyewe, ukahamishia programu yote huko, ukafurahi kwamba hakuna kilichopotea. Na wiki iliyopita, tukiwa mezani, ukasema ukifika chuoni Mbeya utatafuta kliniki, umwonyeshe muuguzi wa huko historia yako yote ili ajue wewe ni mtu wa namna gani. Mama yako akasema hilo ni wazo zuri. Mimi nikaacha kula. Niliona ukiwa peke yako huko kwenye baridi, mtu asiyekujua anaitazama ile namba yangu na kukupa dawa kwa ajili ya mapafu ya baba yako.

Siku mbili baadaye niliwaambia nakwenda kuangalia mbegu. Nilikwenda kwa Sista Odilia. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, maana nilishindwa kukaa. Alivua miwani akaifuta muda mrefu. Akasema, "Baba Lusungu, mimi nilimwongezea dawa mtoto huyu." Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Nikamwomba azifute zile siku yeye mwenyewe kimyakimya, wewe ukute tu mambo yako sawa. Akakataa. Alisema kumbukumbu zile ni zako, na hatagusa kitu mpaka wewe ujue. Kisha akasema, "Ukimficha na hili, itakuwa asubuhi ya kumi."

Aliyonieleza ni haya, nayaandika kama alivyosema. Zile siku tisa nimeziorodhesha nyuma ya karatasi hii, nazikumbuka zote. Ukimpigia, ataziondoa pamoja na ile namba bora. Kisha upulize wewe kwa wiki mbili hivi ukiwa huna shida, na kubwa utakayoipata ndiyo itakuwa bora yako. Huenda ni hiyohiyo mia tatu na arobaini, huenda ukawa mzima kuliko tulivyodhani siku zote hizi. Dawa usiipunguze mwenyewe kwa hasira. Ataongea na muuguzi wa Mbeya, wataipunguza wao taratibu kama inafaa, na sauti inaweza kurudi. Alisema inaweza. Sitaki nikuahidi zaidi ya alivyosema yeye, nimeshakuahidi vya uongo vya kutosha.

Simu usiichukie. Haikukosa kitu, iliamini mkono ulioishika, na mkono ulikuwa wangu. Siku utakapobanwa na rangi ikasema kijani, amini kifua chako kwanza, chukua pampu, halafu uliza rangi baadaye. Na akitokea mtu akakuambia ni woga, hata awe na koti jeupe, hata awe na mvi, mwambie akusikilize tena.

Sitakuomba unisamehe kwenye barua. Naona ni njia nyingine ya kukuharakisha.

Nikuambie nilichotaka kufanya. Nilipanga kuikunja hii karatasi niiweke chini kabisa ya begi, ndani ya lile sweta la kijivu, nikijua utalitafuta basi likishapita Nyololo baridi ikianza kukuuma. Ungesoma ukiwa mbali. Ungelia au ungetukana dirishani, nami ningekuwa hapa salama na jembe langu. Nilishaikunja. Halafu nikamwona yule mtoto anayeficha kikombe cha mama yake ndani ya shati, nikaona bado sijakua.

Kwa hiyo sweta sitaligusa. Kesho asubuhi, kabla ya bodaboda kuja, nitakuwekea barua hii mezani kando ya chai, na nitakaa kiti cha mbele yako mpaka umalize kusoma. Usiniangalie kama hutaki, lakini mimi sitainuka. Kipimo nitakuwa nimekiweka hapo pembeni, nimekiosha kwa maji ya moto. Ukimaliza, puliza mara moja tu, usirudie. Ukitaka kunionyesha mshale nionyeshe, usipotaka basi. Simu ni yako, utaandika mwenyewe.

Baba yako